Kuusoma Mchoro wa Kijiometria (3): Umbo, Mstari na Nafasi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye rangi. Leo tuutazame mchoro mmoja tu, bila haraka: ule wa nyekundu, buluu na manjano aliouchora Mholanzi Piet Mondrian mwaka 1930, ambao sasa umo Kunsthaus, Zürich. Hauzidi nusu mita kila upande.

Anayeuliza "hii ni picha ya nini?" hatapata jibu, kwa maana hakuna kitu kilichoigwa. Nawasihi walimu wa sanaa wasiwaambie wanafunzi kwamba nyekundu hapa ni damu na buluu ni bahari. Waulize kila kipande kinafanya kazi gani mbele ya vingine.

Mraba mwekundu umekalia pembe ya juu kulia na kuchukua sehemu kubwa ya turubai. Kwa ukubwa huo, mchoro ulipaswa kuelemea huko, lakini hauelemei. Buluu, ndogo sana, imewekwa pembe ya chini kushoto, mbali kabisa na nyekundu, na umbali huo ndio unaoipa uzito. Wanunuzi wa mazao wanaijua kanuni hii: jiwe dogo likisogezwa mwisho wa mkono wa mizani hushikilia gunia zima. Manjano ni kijipande tu, chini kulia.

Mistari yote ni ya wima na ya mlalo. Kwa Mondrian hilo lilikuwa jambo la imani: Theo van Doesburg, mwenzake katika jarida la De Stijl lililoanza mwaka 1917, alipoingiza mistari ya mshazari, Mondrian alijitenga. Lakini mistari hiyo hailingani unene. Ule mfupi wa mlalo upande wa kushoto ni mnene kuliko mingine, nao hulizuia jicho lisiteleze moja kwa moja juu ya weupe.

Weupe wenyewe usiudhanie kuwa ni mahali palipobaki. Umepakwa kwa brashi, ukapimwa, nao una uzito kama rangi nyingine. Nyekundu nayo haina mstari juu wala kulia. Inafika ukingoni, na jicho huiendeleza nje ya turubai.

Ukipata nakala ya mchoro huu, kitabuni au kwenye simu, ifunike buluu kwa kidole uone nyekundu inavyolemea. Fanya hivyo kabla ya toleo lijalo, tutakapochambua Broadway Boogie Woogie, mchoro ambao Mondrian aliuchora New York mwaka 1942 hadi 1943 bila mstari hata mmoja mweusi.