Fundi anapofungua kampuni yake

Fundi wa Ekero, karibu na Mumias, aliyezoea kujenga chini ya kampuni ya mwanakandarasi mwingine, huja siku akachoka. Jasho ni lake, lakini hundi huandikwa jina la mwenye kampuni. Basi huazimia kufungua yake.

Kusajili si kazi ngumu. Sheria ya Kampuni ya 2015 humruhusu hata mtu mmoja kuwa na kampuni. Kisha kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yenye madaraja 8, la 8 likiwa la chini kabisa.

Taabu huanzia nyumbani. Hundi ikiingia, pesa ni za kampuni, si za baba. Karo ya watoto itoke kwenye mshahara wake ulioandikwa kitabuni. Tena hesabu za kodi hupelekwa KRA kila mwaka, hata kama hakukuwa na kazi. Mtu binafsi akichelewa, faini haipungui shilingi 2,000, kampuni, 20,000. Fundi, hebu hesabu hapo ni mifuko mingapi ya saruji!

Anayepata kibarua kimoja kwa mwaka heri asubiri kwanza. Aliye na kazi mfululizo aanze, na kitabu cha hesabu akishike mkewe au mwanawe wa sekondari, mradi kiandikwe jioni ile ile.