Baridi au Ganzi? Neno Lililoniponyoka Zahanati

Wanachama wenzangu, wengi wetu tulipokuja Durban tulisifiwa jua lake na Bahari ya Hindi. Habari za Julai hatukuambiwa. Mchana huwa nyuzi 22 hivi, lakini usiku joto hushuka hadi kama 11, na nyumba nyingi hazina chombo cha kupashia joto. Aliyezoea kipupwe cha Unguja, ambacho usiku wake kwa kawaida huwa zaidi ya nyuzi 20, akikanyaga vigae alfajiri hudhani amekanyaga barafu.

Julai iliyopita, mama mmoja jirani yangu, mwenyeji wa Bukavu, aliniomba nimsindikize zahanati niwe mkalimani wake. Alisema, kwa Kiswahili cha kwao: "Miguu yangu iko baridi, tena inakufa ganzi." Mimi nilifasiri nusu ya kwanza tu; ya pili niliidhania kuwa ni kukoleza usemi. Akashauriwa avae soksi na kupasha miguu joto. Usiku ule akaitumbukiza katika beseni la maji moto. Hakuhisi kitu. Kulipokucha, nyayo zilikuwa zimejaa malengelenge. Tuliporudi nilisema yote, naye akapimwa sukari. Kumbe alikuwa na kisukari bila kujua.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba baridi na ganzi si visawe. Mara nyingi baridi ni habari ya damu, na ganzi ni habari ya neva.

Mwili ukipatwa na baridi hulinda kwanza moyo, ubongo na viungo vya ndani. Mishipa midogo ya mikononi na miguuni husinyaa, damu ya moto ikapungua huko. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea katika kazi yake, na nikotini ya sigara pia huleta miguu baridi. Wapo ambao vidole vyao hupauka ghafla, vikawa samawati, kisha vikarudia wekundu. Hali hiyo huitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1862. Na mtu ambaye shavu la mguu humuuma akitembea na kupoa akipumzika, huenda mishipa yake mikubwa imeziba.

Ganzi ina njia nyingine. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva, kikianzia vidoleni. Mgonjwa huweza kuhisi baridi ilhali mguu wake, ukiugusa, una joto. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo huweza kuleta ganzi. Ndiyo sababu wengi huipewa pamoja na vitamini B6. Anayeitumia asiiache, bali amweleze daktari wake.

Tufanye nini basi? Kwa baridi ya kawaida, vaa soksi kavu za sufi, na ndara ndani ya nyumba. Funika mwili mzima, maana kifua kikipoa miguu haitapata joto. Ukikesha kusoma, inuka kila baada ya muda utembee. Anayevuta sigara aache. Mwenye ganzi asitumie chupa ya maji moto wala kuikaribia hita; achunguze nyayo zake kila siku na kumwona daktari. Mguu mmoja ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na umeme ukikatika, usilale na jiko la mkaa ndani: kaboni monoksidi haina harufu, na huua watu usingizini.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau neno, na mguu uliodhurika haukuwa wangu. Vidonda vya mama vilichukua majuma saba kupona. Sasa hupima maji ya kuoga kwa kiwiko, na kila nikimtembelea huniuliza kwa kicheko kama nimeshajua maana ya ganzi.

Wapo wanachama wengine wanaoombwa ukalimani kama nilivyoombwa. Napendekeza chama chetu, kwa msaada wa walimu wetu, kikusanye maneno ya maradhi kama yanavyotumika Bukavu, Mombasa na Dar es Salaam: ganzi, kuwasha, kuchoma, kuvuta, kuuma. Tukutane kabla ya Juni, baridi haijaingia.