Utrasaundi na Maumivu ya Tumbo Upande wa Kulia

Ukimwuliza mtu aliye kwenye foleni ya kliniki Kaliua, mkoani Tabora, utrasaundi ni kipimo cha nani, jibu halichelewi: cha wajawazito. Mtoto amelalaje, ana wiki ngapi, wa kike au wa kiume. Mkulima wa tumbaku aliyejikunja kwa maumivu upande wa kulia hadhani kama mashine ile inamhusu. Yeye ameshaambiwa ana ngiri. Mwanamke huambiwa ni chango, na wote wawili wakienda maabara hawakosi kurudi na taifodi au yutiai. Siku mbili za dawa zinapita, na kama tatizo lilikuwa kidole tumbo, siku hizo mbili ndizo hazikupaswa kupotea.

Kidole tumbo ni kijibomba cha nyama, kwa kawaida chenye urefu wa chini ya sentimita 10, kilichochomoza pale utumbo mpana unapoanzia. Upande mmoja kimefunguka, mwingine kimeziba. Ule mlango wake mmoja ukizibwa, mara nyingi na kipande cha kinyesi kilichokauka au tezi zilizovimba, ute hukosa pa kutokea, bakteria huzaliana, ukuta huvimba hadi damu ishindwe kupita. Mwisho kinaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni. (Mchanga wa kwenye mchele na mbegu za mapera tulizotishiwa tangu utotoni husingiziwa tu, ni nadra mno kukutwa ndiyo chanzo.)

Daktari Reginald Fitz wa Boston alieleza mwendo huo wa ugonjwa mwaka 1886, miaka miwili baada ya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, kufariki. Kabla ya hapo, mpagazi aliyeshikwa nao kwenye misafara ya pembe kati ya Ujiji na Tabora hakuwa na wa kumwambia anaumwa nini. Baadaye Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alishikilia kwamba Waafrika wa vijijini hawaugui sana kidole tumbo kwa sababu chakula chao kina makapi mengi. Hoja yake bado inajadiliwa. Ninachojua ni kwamba ugonjwa ukishasemwa ni wa nadra, watu huacha kuutafuta.

Kuutafuta kwa utrasaundi kulikuwa na kikwazo kimoja: hewa. Mashine hutuma mawimbi ya sauti kali kuliko sikio linavyoweza kusikia, kisha husikiliza mwangwi. Ndani ya nyama sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita 4 chini ya ngozi hurudi ndani ya sehemu 52 hivi za milioni ya sekunde, na kompyuta huugeuza kuwa picha. Lakini sauti ikikutana na hewa ya utumboni inarudishwa karibu yote, na nyuma ya hewa hakuna kinachoonekana. Kwa miaka mingi wataalamu waliona kupima tumbo la chini kulia ni kazi bure. Mwaka 1986 Mholanzi Julien Puylaert akaonyesha njia ambayo ukiisikia unajiuliza kwa nini ilichelewa: bonyeza. Bonyeza taratibu, hewa isukumwe pembeni na utumbo mzima ulale.

Kinachofanyika chumbani ni hivi. Mgonjwa analala chali, anaombwa aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Jeli ya baridi inapakwa, kisha proba bapa, ile ya kuangalia vitu vya karibu, inawekwa hapo hapo. Mpimaji anatafuta kwanza msuli mkubwa wa nyonga na mishipa ya damu inayopita juu yake, maana kidole tumbo hupenda kujilaza maeneo hayo. Anakandamiza kidogo kidogo, kila mgonjwa anapotoa pumzi. Utumbo mzima unabonyea na kucheza. Kidole tumbo kilichovimba kinabaki kigumu kama tyubu ya baiskeli iliyojaa upepo: hakibonyei, hakichezi, upana wake umezidi milimita 6, na mafuta yaliyokizunguka yanang'aa meupe kwenye kioo. Pengine kuna kijiwe ndani kinachotupa kivuli cheusi. Hakuna mionzi, ndiyo maana kwa watoto na wajawazito hiki huwa kipimo cha kwanza. Kwa mwanamke kipimo hicho hicho kinaweza kufichua mimba iliyotunga nje ya kizazi au kifuko cha mayai kilichojisokota, ambavyo navyo haviwezi kusubiri.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Karatasi ikiandikwa "kidole tumbo hakikuonekana", ndugu hushangilia kana kwamba imeandikwa "kizima". Si kitu kimoja. Kinaweza kuwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, mgonjwa anaweza kuwa mnene au amejaa gesi, au kimeshapasuka na kulegea. Tena kipimo hiki hutegemea mkono wa anayepima kuliko vipimo vingi. Mashine zinazidi kufika wilayani. Mkono uliozoea kutafuta kitu cha milimita 6 haufungwi kwenye boksi pamoja nayo.

Kwa Kaliua suala hili si la vitabuni. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko Tabora mjini, zaidi ya kilomita 100, na mgonjwa wa vijijini ana bodaboda na vumbi kabla hajaiona lami. Safari yenyewe nayo ni kipimo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliwauliza wagonjwa kama maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye matuta: kati ya 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo kilichovimba, 33 walisema ndiyo. Wengi wasiokuwa nacho walisema ndiyo pia, kwa hiyo tuta halimwambii daktari apasue. Ila asiyesikia chochote kwenye tuta, uwezekano wa kuwa nacho ni mdogo.

Basi, maumivu yakianzia kitovuni yakahamia chini kulia, hamu ya kula ikatoweka na kutapika kukaanza, usinywe dawa ya kukufanya uharishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, umweleze tabibu yalianza lini na yalihamaje. Ukiambiwa hakikuonekana, uliza urudi lini kupimwa tena, na usipitishe kesho. Na maumivu yakikatika ghafla baada ya kukutesa usiku kucha, usirudi shambani. Huenda kimepasuka.