Kabla ya alama nyekundu ukutani: Jinsi miji ya Kitale na Bungoma inavyopangwa

MKAZI wa mji anapoamka asubuhi na kukuta alama ya X ya rangi nyekundu imepakwa ukutani mwa nyumba yake, jambo la kwanza analouliza ni nani ametoa amri hiyo. Lakini swali lililostahili kuulizwa, tena miaka mingi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, ni hili: je, mahali hapo palitengewa kazi gani, nani aliamua, na kwa ramani ipi?

Hakuna mahali swali hili lina uzito kama katika miji ya kiasi inayokua kwa kasi. Mji wa Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ulikuwa na wakazi 106,187 katika sensa ya 2009. Ilipofika sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 162,174. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika muda wa miaka kumi tu. Mji wa Bungoma, ulio kwenye barabara kuu iendayo Malaba, ni mdogo kuliko Kitale, lakini umezungukwa na kaunti yenye watu 1,670,570, na wengi wao huutegemea kwa soko, hospitali, shule na afisi za serikali.

Watu wanapoongezeka, ardhi haiongezeki. Kinachobadilika ni matumizi yake. Shamba la mahindi huwa ploti, ploti huwa nyumba za kupangisha, na nyumba ya kuishi hugeuzwa duka, baa au kanisa. Kila badiliko la namna hiyo, kwa mujibu wa sheria, lahitaji uamuzi wa afisi ya umma.

Miji miwili, asili mbili

Ili kuelewa migogoro ya leo, ni sharti tutazame jinsi miji hii ilivyozaliwa.

Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Reli kutoka upande wa Eldoret iliufikia mwaka wa 1926, na ukawa kitovu cha mashamba makubwa ya Wazungu katikati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya kikoloni nchini, ardhi iligawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu walipewa viwanja vipana, Wahindi wakawekwa karibu na maduka, na Waafrika wakasukumwa pembezoni wakiwa vibarua, si wenyeji wa mji. Mipaka hiyo ya kibaguzi iliondolewa katika sheria, ila bado inaonekana kwa macho kwa yeyote anayetembea kutoka Milimani hadi Tuwani.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, kisha wanachama wakagawana. Mara nyingi hatimiliki kuu ilibaki kwa jina la kampuni huku mwanahisa akiwa na cheti cha hisa au stakabadhi tu. Mwanahisa huyo alipomuuzia mtu mwingine kipande, mnunuzi alibaki na mkataba wa mauziano na imani.

Bungoma, kwa upande wake, ilikulia kando ya reli ya kwenda Uganda, ndani ya eneo lililotengewa Waafrika. Ilipata hadhi ya makao makuu ya wilaya mwaka wa 1956, wakati wilaya ya Elgon Nyanza ilipomegwa kutoka Nyanza Kaskazini. Hivyo basi, ardhi inayouzunguka mji si ya kampuni bali ni ya familia, iliyorithiwa kutoka kwa baba na babu. Serikali haikuwa na akiba kubwa ya ardhi ya umma huko. Mji ulipotanuka, ulitanuka juu ya mashamba ya watu, na kila mzee aliwagawia wanawe kama alivyoona vyema.

Matokeo yake ni kwamba Kitale inasumbuliwa zaidi na hati zisizoeleweka, ilhali Bungoma inasumbuliwa zaidi na vipande vyembamba vilivyokatwa bila kuachia nafasi ya barabara.

Nani huamua

Hadi uchaguzi wa 2013, mamlaka haya yalikuwa mikononi mwa mabaraza ya manispaa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Katiba ya 2010 ilihamisha jukumu la mipango na ustawi, pamoja na upimaji wa ardhi na nyumba, hadi kwa serikali za kaunti.

Sheria kuu inayotumika sasa ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Sheria hii inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake, na kila mji uwe na mpango wa eneo lake unaoonyesha sehemu za makazi, biashara, viwanda, shule, barabara na maeneo ya wazi. Mpango huo hutayarishwa na wataalamu, hutangazwa ili umma utoe maoni, kisha hupelekwa katika bunge la kaunti kuidhinishwa.

Sheria nyingine ni ile ya Miji na Majiji ya 2011. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019, kiwango cha chini cha wakazi kwa manispaa kilishushwa hadi 50,000, na cha jiji hadi 250,000. Kwa hivyo Kitale na Bungoma ni manispaa zenye bodi zake, lakini hazijafikia kiwango cha jiji kama jirani yao Eldoret, iliyotunukiwa hadhi hiyo mwaka wa 2024. Mpango wa kustawisha miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka wa 2018, na uliohusisha miji 59 katika kaunti 45, uliweka kuwepo kwa bodi hizo miongoni mwa masharti ya kupata fedha.

Hata hivyo, bodi ya manispaa si baraza la zamani lililorejea kwa jina jipya. Wanachama wake hawachaguliwi kwa kura za wakazi kama walivyokuwa madiwani wa enzi hizo. Mkazi anayetaka kumwajibisha mtu kwa kura itambidi amwendee gavana au mwakilishi wa wadi yake.

Safari ya kibali

Mwenye ploti anayetaka kujenga, kugawanya ardhi au kubadilisha matumizi yake sharti aombe kibali kwa serikali ya kaunti. Ombi huambatanishwa na ramani na hati za umiliki, na mwombaji hutakiwa kuujulisha umma kuhusu anachokusudia kufanya. Idara za barabara, maji, afya na mazingira hupewa nafasi ya kutoa maoni. Kisha waziri wa kaunti anayehusika huamua: akubali, akubali kwa masharti, au akatae na kueleza sababu.

Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Kifungu hiki kiliwekwa ili kumkinga mwananchi dhidi ya maafisa wazembe. Lakini kina makali pande zote mbili. Afisi yenye wapangaji wachache na mafaili mengi yaweza, kwa kukaa kimya tu, kuruhusu ghorofa kujengwa mahali palipokusudiwa kuwa na nyumba za watu wachache.

Anayejenga bila kibali anakabiliwa na faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Kwa maskini aliyejenga vyumba viwili vya udongo, hiyo ni adhabu ya kumfilisi. Kwa tajiri anayejenga jumba la mamilioni, ni gharama anayoweza kuitia katika hesabu zake tangu mwanzo.

Hesabu ya ekari moja

Chanzo kikuu cha vurugu si majumba makubwa, bali ni ugawaji wa mashamba. Tuchukue mfano wa ekari moja, yenye futi za mraba 43,560. Ploti inayopendwa na wanunuzi ni ile ya hamsini kwa mia, yaani futi za mraba 5,000. Anayeuza hukata ploti nane, zinazomeza futi 40,000. Panapobaki ni uchochoro tu.

Lakini iwapo barabara ya upana wa futi 30 itapitishwa kutoka upande mmoja wa ekari hadi wa pili, itachukua zaidi ya futi za mraba 6,000, na ploti zitakuwa saba. Mzozo mzima wa mipango katika miji yetu umejificha ndani ya ile ploti ya nane. Muuzaji hataki kuipoteza, mnunuzi hajui kwamba alipaswa kuidai, na afisa aliyepaswa kukataa ramani hiyo hakuiona au alifumba macho.

Miaka kumi baadaye, ploti hiyo ya nane hulipwa na kila mtu. Gari la zimamoto halipiti. Bomba la majitaka halina pa kupita. Choo cha shimo cha jirani hukaribiana na kisima cha mwenzake, na mvua inaponyesha maji huingia vyumbani kwa kukosa mtaro.

Bungoma inayajua haya. Tangu Chuo Kikuu cha Kibabii kilipopata hati rasmi mwaka wa 2015, wenye mashamba kandokando yake wamekuwa na sababu nzuri ya kugeuza migomba kuwa vyumba vya wanafunzi. Vivyo hivyo kwa walio karibu na barabara kutoka Kanduyi hadi Musikoma, iliyopanuliwa kuwa ya njia mbili. Barabara inapopanuliwa, thamani ya ardhi hupanda, na walio ndani ya hifadhi ya barabara huondolewa. Faida na hasara hushuka siku moja, lakini si kwa watu wale wale.

Kitale nayo ina hasara ya ziada. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa. Shamba lililokwisha kujengwa halilimwi tena, na hakuna kibali kitakachoirejesha rutuba yake.

Hati si kinga

Wengi huamini kwamba mradi wana karatasi, wako salama. Mahakama ya Juu imeonya vinginevyo. Katika kesi ya Dina Management mwezi wa Aprili 2023, iliyohusu ardhi ya umma Mombasa, mahakama hiyo ilisema kwamba hatimiliki haimlindi mwenyewe iwapo chimbuko lake lilikuwa haramu, hata kama aliinunua kwa nia njema. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, iliamua kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake haimpi mtu umiliki anaoweza kuuza.

Maana yake kwa mnunuzi wa Kitale au Bungoma ni nzito. Ploti iliyomegwa kutoka uwanja wa shule, ardhi ya reli au kingo za mto yaweza kurudishwa kwa umma hata baada ya kupita mikono mitano.

Funzo la Kipsongo

Je, kupanga mji ni lazima kuwe kubomoa? Kitale yenyewe ilitoa jibu tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baraza la manispaa lilishirikiana na shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, katika mradi wa mipango shirikishi kwenye mitaa ya Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. Wakazi waliketi na maafisa, wakaorodhesha shida zao, wakapanga ipi itangulie. Yaliyojitokeza hayakuwa ya ajabu: maji safi, vyoo, njia za kupita na hakika ya kutofukuzwa.

Mradi huo haukumaliza umaskini wa mitaa hiyo. Lakini ulithibitisha kwamba mkazi asiye na hati anaweza kuketi mezani na kuchora ramani ya mtaa wake.

Mwananchi afanye nini

Kwanza, kabla ya kulipa hata shilingi ya rubuni, fanya utafutaji rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi, kisha uende katika afisi ya mipango ya kaunti uulize kipande hicho kimetengewa matumizi gani. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ni lazima, na ombi hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi sita ya mkataba. Bila idhini hiyo, mauziano hubatilika.

Pili, soma matangazo. Jirani anapoomba kugeuza nyumba yake kuwa baa, una haki ya kupinga. Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya rufaa ya mipango ya kaunti, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Tatu, ukipewa ilani ya kuhama, hesabu siku. Tangu marekebisho ya mwaka wa 2016, sheria za ardhi zinataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Na iwapo ardhi yako halali inachukuliwa kwa manufaa ya umma, Katiba inataka ulipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa.

Mikutano ya kujadili mipango ya mji kwa kawaida huvutia watu wachache kuliko mikutano ya siasa. Huko hakuna nyimbo wala ahadi, ni ramani tu zilizobandikwa ukutani. Hata hivyo, ni katika ukumbi huo ambamo barabara hupitishwa juu ya nyumba ya mtu ambaye hakuhudhuria. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miji hii miwili, asiyeuliza habari za ufa huenda akaubomolewa hata ukuta wenyewe.