Uchungu Hupimwa Wapi?

Mwaka 1965, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwanafunzi mmoja kutoka kijiji cha Ihithe, Tetu, huko Nyeri, Kenya, alikuwa akichunguza ubongo wa kware. Kazi hiyo inataka subira. Ubongo huhifadhiwa kwanza kwa dawa, kisha hugandishwa ndani ya nta, halafu wembe wa mashine hupita na kuacha utando mwembamba unaoweza kupeperushwa na pumzi. Utando hulazwa juu ya kioo, hutiwa rangi, ndipo hutazamwa kwa hadubini. Alichokuwa akikifuatilia ni tezi ya pineali, kitezi cha ubongoni kinachohusika na mwanga na giza: kinavyojijenga tangu ndani ya yai hadi baada ya kifaranga kuanguliwa. Mwaka 1966 akapata shahada ya uzamili. Jina lake lilikuwa Wangari Muta. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai, mbunge wa Tetu na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Miaka 11 kabla hajashika wembe huo, serikali ya kikoloni ilikuwa imechapisha kijitabu jijini Nairobi kikidai kueleza akili za watu wa kwao.

Mwandishi wa kijitabu hicho alikuwa John Colin Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. (Msomaji wa Nyeri asichanganye: Mathari hiyo si ile ya misheni ya Wakatoliki karibu na mji wa Nyeri, alikosoma Wangari.) Mwaka 1951 Carothers aliandika katika jarida la kitabibu kwamba Mwafrika wa kawaida hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, hata akamfananisha na mgonjwa wa Ulaya aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa nyuzi za sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Na mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ilimtaka aeleze kwa nini Wakikuyu wanapigana.

Jibu lake halikuanza na ardhi. Alisema Wakikuyu wameshikwa na wasiwasi kwa kuachana na mila zao kabla hawajauzoea usasa, na kwamba kuishi karibu na msitu kumewafanya watu wa siri na shaka. Mtu wa Tetu, ambaye shamba lake linapakana na msitu wa Nyandarua, maneno hayo yalimgusa moja kwa moja. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyezaliwa Tetu mwaka 1920, alikuwa wakati huo ndani ya msitu huohuo, na humo ukingoni ndimo alimokamatwa Oktoba 1956.

Carothers hakuwa wa kwanza. Mapema miaka ya 1930, mtaalamu wa maabara ya serikali aliyeitwa F. W. Vint alipima ubongo wa Waafrika waliofia hospitalini Nairobi, akatangaza kwamba ni mwepesi na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la Wazungu. Hakujali ipasavyo kwamba maiti alizopasua ni za watu waliokuwa wagonjwa, wengi wao maskini wasiokula wakashiba. Mizani ilikuwepo na namba ziliandikwa. Kilichokosekana ni swali la haki.

Ni vyema kukumbuka historia hiyo kila inapotajwa elimu ya ubongo na hisia, kwa sababu elimu yenyewe ina mengi ya kutufaa, na mengine yamepatikana hapa hapa Kenya.

Tuanze na hofu, ambayo ndiyo hisia iliyochunguzwa zaidi. Kabla uzio wa umeme wa kuzunguka msitu wa Nyandarua haujakamilika mwaka 2009, mkulima wa ukingoni aliweza kuamshwa usiku na sauti ya mahindi yakivunjwa. Hajaona kitu. Hajasema moyoni kwamba ni ndovu. Lakini moyo umeshaanza kudunda, kinywa kimekauka, nywele zimesimama. Ndani ya ubongo wake, sauti imefika kwenye amigdala, fungu la chembe lenye umbo la lozi, moja kila upande, nyuma kidogo ya usawa wa macho. Huko ndiko hatari inakopewa uzito kabla akili haijapata nafasi ya kuijadili. Profesa Joseph LeDoux wa Chuo Kikuu cha New York alitumia miaka mingi kufuatilia njia hiyo katika panya: mlio unafuatwa na shoti ya umeme, na baada ya mara chache panya anaganda kwa mlio peke yake.

Kutoka amigdala habari hushuka hadi haipothalamasi, na kutoka hapo hufika tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, kwa neva na pia kupitia tezi ya pituitari. Adrenalini, inayoitwa na neva, huja ndani ya sekunde. Kotisoli, inayoitwa kupitia pituitari, hufuata kwa dakika. Kotisoli hufungua ghala la mwili: sukari inaingia kwenye damu, huku kazi zinazoweza kungoja, kama kukua na kujenga kinga, zikisimamishwa. Kwa mtu anayemkimbia ndovu, huo ni msaada mkubwa. Ndovu akishaondoka, kotisoli inashuka na mtu anarudi kulala, japo si mara moja.

Na asipoondoka?

Katika miaka ya 1980, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyo Karen, nje kidogo ya Nairobi, kulikuwa na tumbili walionaswa mashambani, ambako walikuwa wakila mazao ya wakulima. Walipofungiwa vizimbani kwa makundi, baadhi yao walikufa bila kuuawa na mtu. Walipopasuliwa walikutwa na vidonda vya tumbo, na tezi zao za adrenali zilikuwa zimevimba kwa kazi. Wengi walikuwa na alama za kung'atwa. Hao walikuwa wanyonge wa kundi, waliopigwa na wenzao kila siku. Porini mnyonge hukimbia. Kizimbani hakuna pa kukimbilia.

Watafiti wa taasisi hiyo, akiwemo Suleman, waliungana na wenzao wa Marekani, Hideo Uno na Robert Sapolsky, wakatazama ubongo wa tumbili hao. Katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu na ambayo pia husaidia kuiambia kotisoli kwamba sasa inatosha, chembe nyingi zilikuwa zimenyauka au zimekufa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Kwa panya jambo hilo lilikuwa limeshaonekana. Sasa lilionekana kwa wanyama walio karibu zaidi nasi. Mateso ya muda mrefu yalikuwa yameacha alama ndani ya ubongo, ile unayoweza kuiweka chini ya hadubini, ukaitia rangi na kuihesabu.

Sapolsky mwenyewe alikuwa akija Kenya tangu 1978, akiwa kijana wa miaka 21, kuwafuata nyani wa Maasai Mara. Mbinu yake ilikuwa ya mwindaji mvumilivu. Alimvizia nyani asubuhi, saa zilezile kila mara kwa sababu kotisoli hupanda na kushuka kwa saa, akangoja ageuze uso, kisha akampuliza kishale chenye dawa ya usingizi. Damu ilipaswa kutolewa upesi, kabla mshtuko wa kishale haujaharibu kipimo. Hakumchoma nyani aliyetoka kupigana wala mgonjwa, maana alitaka kujua kotisoli ya siku ya kawaida.

Aligundua kwamba kundi likiwa limetulia, nyani wa chini huishi na kotisoli nyingi hata siku ambayo hakuna aliyemgusa. Vyeo vikianza kugombaniwa, wakubwa nao hupanda. Kisha katikati ya miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakulipanga. Kundi moja lilipata kifua kikuu kutokana na nyama iliyotupwa kwenye jaa la hoteli ya watalii. Madume makali, waliozoea kwenda kugombania jaa hilo, wakafa, wapole wakabaki. Kundi likatulia, ugomvi ukapungua, na hata madume wageni waliohamia miaka iliyofuata wakajifunza tabia hiyo. Nyani wa vyeo vya chini katika kundi hilo hawakuonyesha tena dalili zilezile za msongo. Sapolsky na Lisa Share waliieleza habari hiyo mwaka 2004. Wanyama walikuwa wa aina ileile na ubongo uleule. Yaliyobadilika ni maisha.

Sasa rudi Tetu ya mwaka 1954. Kijitabu cha Carothers kilipendekeza Wakikuyu wakusanywe vijijini, na serikali, iliyokuwa imeshaanza, iliendelea kufanya hivyo kwa nguvu. Zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa kwenye maboma yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Vijiji hivyo vilizungushiwa handaki lililosimikwa miti iliyochongwa, na seng'enge juu yake. Kulikuwa na kafyu, kazi ya lazima ya kuchimba, na ngati, yaani askari wa nyumbani, mlangoni. Mama yake Wangari alikuwa miongoni mwa waliohamishwa, hapo hapo Ihithe.

Binadamu hafananishwi na tumbili wa kizimbani kwa urahisi, na waliofanya hivyo huko nyuma walikuwa na nia mbaya. Lakini kotisoli ni ileile kwa mwanamke wa Ihithe, kwa gavana wa kikoloni jijini Nairobi na kwa mke wa mzungu aliyelala na bastola chini ya mto. Carothers aliona watu wenye wasiwasi, na wasiwasi huo ulikuwa wa kweli. Kosa lake ni kugeuza chanzo kuwa matokeo: alitafuta ndani ya fuvu na kivulini mwa msitu kilichokuwa kikitoka kwenye shamba lililochukuliwa, kipande cha kitambulisho shingoni, na mlango unaogongwa usiku. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alimkosoa, na Frantz Fanon akamtaja kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961.

Kulikuwa na neno ambalo lingemsaidia, kama angeliuliza. Mswahili husema fulani ana uchungu. Aliyefiwa ana uchungu. Mama aliye leba ana uchungu. Aliyenyang'anywa ardhi naye ana uchungu, na hapo neno limebeba huzuni, hasira na maumivu ya mwili kwa pamoja, bila kuzitenga. Mkikuyu ana marakara kwa hasira na kĩeha kwa huzuni, lakini vyote anaviweka mahali pamoja, ngoro, moyoni.

Je, mgawanyo wa hisia umo ubongoni tangu kuzaliwa, au tunaufundishwa pamoja na lugha? Kwa miaka mingi jibu lililotawala lilitoka kwa Paul Ekman, Mmarekani aliyepeleka picha za nyuso kwa watu wa Papua New Guinea katika miaka ya 1960, akahitimisha kwamba hasira, hofu, furaha na nyinginezo husomeka usoni popote duniani. Maabara ya Lisa Feldman Barrett, katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, ililipinga hilo. Maria Gendron na wenzake walikwenda kwa Wahimba wa Namibia, kisha kwa Wahadzabe wanaowinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahimba walipopewa picha wazipange watakavyo, mara nyingi walitaja kitendo: huyu anacheka, huyu anatazama. Kwa Wahadzabe, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta ushahidi mdogo sana kwamba uso mmoja una maana moja kwa wote.

Wanasayansi bado wanabishana vikali juu ya hili. Wafuasi wa Ekman hawajasalimu amri, na LeDoux mwenyewe sasa anasisitiza kwamba amigdala inaendesha kinga ya mwili dhidi ya hatari, wakati kuhisi hofu, kule kujua kwamba ninaogopa, kunahitaji sehemu nyingine za ubongo na maneno ya mtu mwenyewe. Kwa mwandishi wa makala haya, hoja hiyo ina uzito. Mkulima wa Ihithe anayedundwa na moyo gizani bado hana jina la kinachomsumbua, hadi atakapoamua kama ni ndovu au ni ngati.

Siku hizi kotisoli haihitaji kishale. Katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia maskini zilizopewa fedha bila masharti na shirika la GiveDirectly kuanzia mwaka 2011. Mtu mzima aliombwa kutafuna kipande cha pamba kwa dakika moja au mbili hadi kilowe mate, kisha kikatiwa ndani ya kijichupa chenye kifuniko na kuwekwa kwenye baridi. Wakati huohuo aliulizwa maswali: amelalaje, amehuzunika mara ngapi wiki hii, anaridhika na maisha kiasi gani.

Matokeo yalitoka mwaka 2016. Waliopokea fedha walisema wamepata ahueni kubwa: furaha imeongezeka, msongo umepungua. Mate yao, kwa wastani, hayakuonyesha tofauti. Kotisoli ilitofautiana katika baadhi ya makundi tu, kwa mfano kulingana na ukubwa wa fedha na kama aliyekabidhiwa ni mke au mume. Watafiti wangeweza kuamini kijichupa na kulitupa dodoso. Walichapisha vyote viwili, namba za mate upande mmoja na maneno ya watu wa Rarieda upande wa pili.