Gemu Inayomhesabia Mchezaji Dhambi

Mzazi wa Webuye akisikia mwanawe yuko kwenye ukumbi wa gemu hushuku mambo mawili: pesa za matumizi zinaliwa na FIFA, au kijana anafundishwa kuua. Hofu hiyo naielewa, lakini inatazama picha tu. Kinachomlea mchezaji, kwa heri au kwa shari, ni kanuni zilizo nyuma ya picha.

Katika filamu unamtazama mwizi. Katika gemu mkono unaoiba ni wako. Kwa hiyo mtengenezaji hana haja ya kuhubiri. Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa Ultima IV, gemu isiyo na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Shujaa anatakiwa akuze fadhila nane, uaminifu na huruma zikiwemo. Njiani kuna wauza dawa vipofu, na mchezaji ndiye anayeamua aweke kiasi gani mkononi mwao. Ukiwapunja, hukamatwi. Mchezo unaendelea, mfuko umenona. Baadaye ndipo unapogundua kwamba uaminifu wako uliporomoka zamani, kimyakimya, na hesabu ilikuwa ikiwekwa.

Gemu nyingi hukosea hapo. Humwonyesha mchezaji alama kila anapotenda wema, naye hutenda kwa ajili ya alama. Injili na Kurani zote husifu sadaka ya siri. Gemu ya namna hiyo huigeuza sadaka kuwa duka.

Karibu nasi zaidi kuna Tales of Kenzera: ZAU ya mwaka 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeibuni kutokana na msiba wa babake. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa kifo: amletee roho kuu tatu, arudishiwe baba. Imani za Kibantu humo si mapambo. Ndizo zinazoendesha kisa. Gemu inapopwaya, kwa maoni yangu, ni kwenye mapigano, maana wepesi wa vidole hausemi lolote kuhusu majonzi.

Na sisi tuna kisa kinachofaa gemu: kilima cha Chetambe, hapo hapo juu ya mji wa Webuye. Mwaka 1895 Waingereza waliwaua Wabukusu wengi katika ngome yao. Mwaka 1947 Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake huko kuwakumbuka marehemu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku. Mimi nisingempa mchezaji nafasi ya Masinde, kwa sababu ushujaa wake uko wazi mno. Ningempa nafasi ya mwalimu wa shule ya misheni, muumini wa kanisa la Friends (Quaker), mwenye ndugu katika Msambwa. Chifu anataka majina ya wafuasi wa Msambwa. Kila jina analolitaja mwalimu linalinda kazi yake. Kila anaponyamaza, watoto wake wanapungukiwa. Gemu isimwambie nani ana haki mbele za Wele, Mungu wa Wabukusu.

Vijana mnaosomea programu Bungoma na Kitale, kazi hii haianzi na kompyuta ghali. Inaanza kwa kalamu na daftari, kwa kuandika kanuni. Nanyi wachungaji, kabla hamjakemea, shikeni padi mcheze walau saa moja.