KAZI ZA USAFIRI WA ANGA ZISIZO ZA KURUKA: WAPI PA KUPIGA HODI

Abiria aliyepata kusafiri kwa ndege ndogo baina ya Tanga na Pemba, masafa ya kiasi cha kilomita 80, atakumbuka kuwa kabla ya kupanda hupimwa uzito wa mzigo wake, na mara nyingi hupimwa yeye mwenyewe. Mtumishi anayeusoma mzani huo hatafuti siri za watu. Hesabu yake ndiyo inayomjulisha rubani iwapo ndege itaruka kwa salama na kila abiria akae kiti kipi. Hesabu hiyo ikikosewa chini, si rahisi kusahihishwa juu.

Vijana wengi wa Visiwani, na wenzao wa Tanga na Pangani, wakitajiwa kazi ya ndege hufikiria urubani peke yake, na wakisikia gharama za mafunzo yake hukata tamaa. Ni vyema ikafahamika kuwa walio wengi katika usafiri wa anga hawaruki kabisa. Wapo waongozaji ndege, mafundi, wapimaji wa hali ya hewa, zimamoto, walinzi wa usalama na wahudumu wa abiria na mizigo.

Jambo linalowatatiza waombaji ni kutojua mwajiri ni nani. Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Hivyo basi, kijana wa Chake Chake anayetaka kuongoza ndege hupeleka maombi katika Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, ingawa mnara atakaoufanyia kazi unaweza kuwa Unguja. Huduma za hali ya hewa nazo ni za Muungano. Lakini viwanja vyenyewe vya Unguja na Pemba vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, iliyo chini ya Serikali ya Mapinduzi, na kile cha Tanga kinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Barua iliyopelekwa mlango usio wake hupoteza muda, na pengine nafasi.

Kazi ya kuongoza ndege inahitaji kijana mwenye msingi mzuri wa Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Leseni yake haitolewi kwa aliye chini ya umri wa miaka 21, wala bila ya kupimwa afya, macho na masikio yakiwemo. Kuvaa miwani peke yake hakumzuii mtu. Tangu Machi 2008, kanuni za kimataifa zinamtaka muongozaji anayezungumza na ndege za nje afikie angalau daraja la nne la Kiingereza kati ya madaraja sita. Mafunzo hutolewa na chuo cha Mamlaka hiyo kilichopo Dar es Salaam.

Ufundi wa ndege unataka subira zaidi. Kwa kawaida ya kimataifa, leseni ya fundi hudai uzoefu wa miaka minne, ambao hupungua hadi miwili kwa aliyehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Zamani matengenezo makubwa ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki yalifanyika Embakasi, Nairobi. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, karakana zilibaki huko. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi huo hapa nchini.

Mpimaji wa hali ya hewa huandaliwa katika chuo cha Kigoma, mbali na bahari, ingawa mtoto wa pwani aliyekua akijua kaskazi na kusi huanza na faida kidogo. Zimamoto wa uwanjani hupimwa kwa saa: gari lake linatakiwa lifike popote kwenye njia ya kurukia ndege katika muda usiozidi dakika tatu.

Wazee wanaombwa wawe na hadhari katika jambo moja. Si kila chuo kinachotangaza mafunzo ya usafiri wa anga kina idhini, na mzazi anayelipa ada kwa fedha ya mavuno ya karafuu au ya shamba la mkonge huenda akakabidhiwa cheti kisichofungua mlango wowote. Kabla ya kulipa, aulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwapo chuo hicho, na somo hilo hasa, vimeidhinishwa. Cheti cha kuuza tiketi hakimfanyi mtu kuwa fundi, hata kama kimechapishwa picha ya ndege.

Nafasi za taasisi za Muungano na za Tanzania Bara hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wakuu wa skuli wanaombwa kubandika matangazo hayo mahali wanafunzi wanapoweza kuyasoma mapema, kabla ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, kwani aliyeiacha Fizikia wakati huo hupata tabu kuirejea.